Ukumbi Ulio Tayari Kabla ya Msanii Kufika: Barua ya Wazi kwa Halmashauri ya Wilaya ya Momba

Kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya ya Momba. Afisa Utamaduni wa Wilaya. Ofisi ya Mtendaji wa Kata ya Msangano. Na wakuu wa shule zilizomo katani.

YAH: MAANDALIZI YA UFUNDI YA UKUMBI KWA MAONYESHO YA MSANII MMOJA ANAYEZURU

Onyesho la msanii mmoja ni sanaa ya jukwaani inayobebwa na mtu mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ndani yake mna utambaji wa hadithi, mchezo wa kuigiza wenye mwigizaji mmoja, ushairi wa kughani na uchekeshaji wa jukwaani. Katika Kiswahili aina hii ina mizizi. Ebrahim Hussein, mwandishi wa tamthilia aliyezaliwa Lindi mwaka 1943, alichapisha mwaka 1976 Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, kazi mbili zinazosimama juu ya sauti ya msimulizi. Kabla ya kazi hizo walikuwapo watambaji wa ngano, na katika Wilaya ya Momba ngano hizo zilitambwa kwa Kinyamwanga na kwa Kiwanda jioni kazi za shamba zikiisha, mtu mmoja akisimulia na waliomzunguka wakiitikia.

Kwa kata iliyo mbali na miji mikubwa, onyesho la aina hii ndilo linalofikika kwa urahisi zaidi. Msanii mmoja na fundi mmoja huingia katika gari dogo pamoja na vifaa vyao vyote. Chakula chao, malazi yao na nauli yao ni sehemu ndogo ya gharama za kikundi cha watu 20. Mwanafunzi wa Msangano anayesoma tamthilia darasani bila kuwahi kuona hata moja ikichezwa anaweza kuiona kwa njia hii kabla hajamaliza shule. Kinachokwamisha mara nyingi ni ukumbi wenyewe, maana hakuna aliyeupima, hakuna anayejua uwezo wa umeme wake, na mlango hufunguliwa saa moja tu kabla ya watu kuanza kuingia.

Katika ngoma ya watu wengi, maiki ikizimika ngoma zenyewe huendelea kusikika, na mchezaji mmoja akikosea wenzake humfunika. Msanii aliye peke yake hana wa kumpokea. Sauti ikikatika, hadithi imekatika. Uso wake ukiwa gizani, hakuna uso mwingine wa kutazama. Kwa sababu hiyo, onyesho dogo kwa idadi ya watu ndilo linalodai maandalizi makini zaidi. Maandalizi hayo hayahitaji fedha nyingi, lakini lazima yafanyike mapema, yaandikwe, na yawe na mtu anayewajibika.

KARATASI YA UKUMBI

Kazi ya kwanza haihitaji umeme. Ni kupima na kuandika. Karatasi ya ukumbi hueleza urefu na upana wa jengo, kimo kutoka sakafuni hadi kwenye kenchi, idadi ya milango na upana wa kila mmoja, upande ambao madirisha yanatazama, na aina ya paa. Huonyesha kila soketi ilipo, imeunganishwa na breka ipi, na breka hiyo ina ampia ngapi. Hutaja idadi ya mabenchi na viti, umbali wa choo, mahali pa maji, na mahali pa kuegesha gari karibu na mlango wa kuingizia mizigo. Hutaja pia nani anatunza ufunguo na anapatikana vipi, maana vifaa vya bei kubwa havina faida ikiwa mwenye ufunguo amesafiri kwenda Tunduma siku ya onyesho.

Karatasi hiyo iambatane na picha nne: moja kutoka jukwaani kutazama walipo watazamaji, moja kutoka nyuma ya ukumbi kutazama jukwaa, moja ya sanduku la breka, na moja ya nje ikionyesha njia ya gari. Simu ya kawaida yenye kamera inatosha. Ikishaandaliwa mara moja, karatasi hutumika kwa miaka, na hurekebishwa tu jengo linapobadilika.

Msanii naye hutuma karatasi yake ya mahitaji, walau wiki tatu kabla. Humo anaeleza onyesho lina urefu gani, linahitaji nafasi ya mita ngapi jukwaani, lina muziki au picha za kuonyeshwa ukutani au halina, msanii anatumia maiki ya mkononi au ya kichwani, na linafaa watoto wa umri gani. Karatasi mbili zikikutana, pengo huonekana mapema. Ikiwa msanii anahitaji giza kamili wakati madirisha ya bwalo hayana pazia, jambo hilo hutatuliwa kwa vitambaa vizito wiki mbili kabla, ama onyesho hupangwa usiku.

Historia ya Afrika Mashariki ina mifano ya maonyesho yaliyoundwa kwa ajili ya safari. Kundi la wanafunzi wa Makerere, Uganda, lililoanza mwaka 1965 lilizunguka na michezo yake bila kutoza kiingilio, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikawa na kundi la namna hiyo kuanzia mwaka 1974. Makundi ya aina hii hulazimika kubeba vifaa vichache na kukubali mahali walipofikia. Hata hivyo, uchache wa vifaa hufanya kazi pale tu mwenyeji anapokuwa ameeleza kwa usahihi mahali pakoje.

KUCHAGUA MAHALI

Katika kata ya kijijini mahali pa onyesho huwa ni bwalo la shule, darasa kubwa, jengo la kanisa, ofisi yenye ukumbi, au uwanja wa wazi. Kila kimoja kina faida na mipaka yake.

Bwalo la shule ndilo lenye sifa nyingi. Lina paa, mabenchi, milango zaidi ya mmoja, na mara nyingi lina umeme. Kasoro yake ni mwangwi, kwa kuwa kuta tupu za saruji na paa la bati lisilo na dari hurudisha sauti mara nyingi hadi maneno yanaingiliana. Darasa hufaa onyesho la watu wachache lisilohitaji vipaza sauti. Jengo la ibada huwa na sauti nzuri, lakini maudhui ya onyesho lazima yakubaliwe na wenye jengo mapema. Uwanja wa wazi hubeba watu wengi, ila upepo huchukua maneno, watu hupitapita, na mwanga wa jua hushinda taa yoyote.

Majira nayo ni sehemu ya uchaguzi. Mkoa wa Songwe hupata mvua za msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili. Mvua kubwa ikipiga bati lisilo na dari, hakuna spika itakayoshindana nayo, na barabara za vumbi hugeuka tope. Kuanzia Juni, mavuno ya mahindi na mpunga yakiwa yamekusanywa, watu wana nafasi na njia zinapitika. Kalenda ya maonyesho kwa Msangano ina maana ikikaa kati ya Juni na Oktoba, na siku za mtihani zikiepukwa.

Kelele za jirani huhesabiwa pia. Mashine ya kusaga nafaka, baa yenye muziki, karakana ya kuchomelea vyuma na kituo cha bodaboda vyote huingia ndani ya onyesho la mtu mmoja. Kuzungumza na wenye shughuli hizo siku chache kabla, na kukubaliana nao juu ya saa moja na nusu ya utulivu, ni kazi ya ufundi sawa na kufunga taa.

JUKWAA NA WATAZAMAJI

Msanii mmoja hahitaji jukwaa kubwa. Nafasi ya mita 4 kwa 3 inatosha maonyesho mengi. Kimo ndicho chenye uzito zaidi. Watazamaji wakiwa wamekaa kwenye mabenchi katika sakafu tambarare, jukwaa la sentimita 50 hadi 60 humwezesha aliye safu ya nyuma kuona mikono na miguu ya msanii. Jukwaa la mita moja na zaidi humtenga msanii na watu, na huwalazimu walio mbele kuinua shingo muda wote.

Jukwaa la mbao lijaribiwe kwa watu watatu wazima kuruka juu yake kwa pamoja. Kikisikika kishindo cha ubao uliolegea, upigiliwe misumari upya. La sivyo, kila hatua ya msanii itasikika hadi nyuma na kuharibu ukimya ambao hadithi inauhitaji. Ukingo wa mbele uwekewe utepe mweupe, kwa kuwa macho yaliyopigwa na taa hayaoni jukwaa linapoishia.

Watazamaji wapangwe kwa ngazi bila kujenga ngazi. Watoto wakae mbele kwenye mikeka, nyuma yao yawepo mabenchi, nyuma ya mabenchi viti, na mwisho wanaosimama. Upana wa eneo la kukaa usipite mno upana wa jukwaa, maana walio pembeni kabisa huona sikio la msanii badala ya uso. Bwalo likiwa refu na jembamba, kanuni hiyo ya upana inaweza kulegezwa: ni vema jukwaa liwekwe katikati ya ukuta mrefu badala ya mwisho wa jengo. Hapo mtazamaji wa mbali zaidi husogea karibu kwa takriban nusu ya umbali.

Kwamba wanakijiji wanaweza kulijua jambo hili vizuri kuliko wageni, Kamirithu, karibu na Limuru nchini Kenya, ni ushahidi. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa hapo walijenga wenyewe uwanja wa maonyesho wa wazi wenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000. Walianza kwa kupanga vijiti vya kiberiti chini kuchora umbo lake, kisha wakatengeneza mfano mdogo kabla ya kujenga. Uwanja huo ulibomolewa mwaka 1982, lakini somo lake la ufundi limebaki: watu wa mahali wakipewa nafasi ya kufikiri juu ya nani ataona nini kutoka wapi, hupata jibu bila kusubiri mtaalamu wa mbali.

UMEME

Umeme wa Tanzania ni wa volti 230, na plagi inayotumika zaidi ni ya pini tatu za bapa yenye fyuzi isiyozidi ampia 13. Soketi moja ya aina hiyo hubeba takriban wati 3,000. Hesabu ya onyesho hufanywa kwa kujumlisha wati za kila kifaa na kugawanya kwa 230. Spika mbili za wati 300 kila moja, taa 6 za LED za wati 50, mikisa na kompyuta wati 150, na projekta wati 300, jumla yake ni wati 1,350, yaani karibu ampia 6. Mzigo huo ni mdogo. Lakini zikiletwa taa 6 za kizamani za wati 1,000 kila moja, zinahitaji ampia 26 peke yake, mara mbili ya uwezo wa soketi moja, na breka itakatika katikati ya onyesho. Bila hesabu hiyo kufanywa mapema, tatizo hujulikana watu wakiwa wamekwisha kukaa.

Waya wa kuongezea ndio chanzo cha hitilafu nyingi. Waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75 wenye urefu wa mita 50 ukibeba ampia 6 hupoteza karibu volti 15 njiani. Wa milimita za mraba 2.5 hupoteza volti 4 na nusu hivi. Waya uliozungushwa kwenye gurudumu lake hupata joto, kwa hiyo hukunjuliwa wote hata kama umbali ni mfupi. Kuunganisha nyaya kwa kusokota na kufunga utepe, au kuchomeka ncha tupu ndani ya soketi kwa vijiti, kusiruhusiwe kamwe. Mahali penye watoto mia mbili si mahali pa kujaribu bahati.

Kabla ya onyesho la kwanza katika jengo lolote, fundi umeme aliyesajiliwa apime mambo matatu: kama ethi ipo na inafanya kazi, kama soketi hazijalegea, na kama ipo swichi ya kinga inayokata umeme mkondo unapovuja, ile ya miliampia 30. Msanii anayeshika maiki ya chuma akiwa na jasho, huku amesimama juu ya sakafu ya saruji, anategemea kinga hiyo kwa uhai wake.

LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla, ikaguliwe asubuhi ya siku ya onyesho. Mzigo wa wati 1,350 kwa saa 4 za majaribio na maonyesho hutumia uniti 5 na nusu hivi. Kubakiza uniti 10 kwenye mita ni tahadhari ya bei nafuu. Mita za shule hutumika pia kwa mabweni na ofisi, na uniti zilizokuwapo jana usiku huenda zisiwepo leo jioni.

Umeme wa TANESCO unaweza kukatika, hivyo njia ya pili ipangwe. Jenereta ya kVA 3 hutoa wati 2,400 hivi, na haifai kupakiwa zaidi ya robo tatu ya uwezo huo, yaani wati 1,800. Iwekwe nje, umbali wa mita 30 au zaidi, nyuma ya ukuta na upande ambao upepo hauleti moshi kwa watu. Ndani ya jengo isiingie hata kidogo, kwa kuwa moshi wake una hewa ya kaboni monoksidi inayoua bila harufu. Mafuta huongezwa ikiwa imezimwa na imepoa. Kwa onyesho la mtu mmoja ipo pia njia tulivu zaidi: betri na inveta vinavyochajiwa kwa sola au kwa umeme wa kawaida. Taa 4 za LED na spika moja hutumia wati zisizozidi 500, na betri mbili nzuri za ampia-saa 100 huzibeba kwa muda wa onyesho lote bila kelele.

SAUTI

Swali la kwanza juu ya sauti ni kama vipaza sauti vinahitajika. Mtu aliyezoea jukwaa, ndani ya bwalo tulivu, huwafikia watu mia moja na zaidi kidogo bila maiki, na sauti isiyopita kwenye mtambo huwa na ukaribu ambao hakuna spika inayoutoa. Watu wakizidi hapo, au onyesho likiwa nje, mtambo unahitajika.

Spika mbili huwekwa pembeni mwa jukwaa, mbele ya mstari ambao msanii havuki. Zikiwa nyuma yake, sauti ya spika huingia tena kwenye maiki na kupiga mluzi. Zinyanyuliwe hadi mita 2 kutoka sakafuni na kuinamishwa kidogo kuelekea watu, ili sauti ipite juu ya vichwa vya safu za mbele na kufika nyuma. Zikiachwa sakafuni, walio mbele huziba masikio na walio nyuma hawasikii. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo spika ya ziada ikiwekwa mita 30 nyuma, wasikilizaji husikia neno lilelile mara mbili, na tofauti hiyo inatosha kuchanganya maneno. Katika bwalo la kawaida spika mbili zilizowekwa vizuri hushinda nne zilizotawanywa.

Mwangwi wa kuta hupunguzwa kwa vitu vilivyopo. Mablanketi, mikeka na vitenge vinavyoning'inizwa kwenye ukuta wa nyuma, ule unaotazamana na jukwaa, hunyonya sauti ambayo ingerudi. Miili ya watu nayo hunyonya sauti, ndiyo maana mtambo uliopimwa katika bwalo tupu husikika tofauti likijaa. Fundi huanza chini kidogo na kupandisha taratibu dakika za mwanzo.

Msanii anayetumia mikono yote miwili huhitaji maiki ya kichwani. Maiki isiyo na waya hufungwa betri mpya kila onyesho, na nyingine huwekwa mfukoni mwa fundi. Pembeni mwa jukwaa pawepo maiki ya waya iliyokwisha kuunganishwa na kupimwa, ili ya kwanza ikizimika msanii anyooshe mkono na kuendelea. Majaribio yafanywe kwa msanii mwenyewe, akinong'ona kwa namna atakavyonong'ona na akipaza sauti kwa namna atakavyopaza. Kuhesabu moja mbili tatu mbele ya maiki hakumwambii fundi lolote kuhusu hadithi itakayofuata.

MWANGA

Kazi ya taa katika onyesho la mtu mmoja ni kuonyesha uso, na zaidi ya yote macho. Taa mbili za mbele, moja kila upande, zikimwangaza msanii kwa pembe ya nyuzi 45 kutoka juu na nyuzi 45 kutoka pembeni, hutoa uso unaosomeka hadi safu ya mwisho. Taa moja iliyo juu ya kichwa pekee huacha macho ndani ya kivuli. Taa ya tatu kutoka nyuma humtenganisha msanii na ukuta.

Ukuta mweupe nyuma ya msanii mwenye ngozi nyeusi huvuta macho ya watazamaji kuliko uso wake. Kitambaa cheusi au cha kahawia iliyokolea, kilichonyooshwa vizuri, hubadilisha hali hiyo mara moja. Mwanga mweupe wenye joto, ule unaokaribia rangi ya taa ya zamani ya glopu, hupendeza ngozi nyeusi kuliko mweupe wa buluu. Kijani hufanya uso uonekane mgonjwa. Taa za rangi zinazozunguka zinafaa muziki wa kucheza, na hazina kazi katika onyesho la maneno.

Onyesho la mchana hutegemea jua. Katika miezi ya kiangazi jua la Msangano hupita upande wa kaskazini mwa anga na kuzama kati ya saa 12:30 na saa 1 jioni. Uwanjani, jukwaa likitazama kaskazini, jua la saa 10 alasiri humwangaza msanii usoni kutoka pembeni, na watazamaji hulipa mgongo. Likitazama mashariki, watu wote watakuwa wakikodolea jua nyuma ya msanii na kuona kivuli cha mtu. Ndani ya bwalo, madirisha ya nyuma ya jukwaa yazibwe na yale ya pembeni yaachwe wazi kwa mwanga na hewa.

USALAMA NA VIBALI

Milango miwili angalau ibaki wazi au bila kufuli muda wote, na njia kati ya mabenchi iwe na upana wa mita moja au zaidi. Nyaya zipitishwe juu ya milango na kando ya kuta. Zinazolazimika kuvuka njia zifunikwe kwa mkeka mzito na kubandikwa pande zote mbili. Stendi za taa na spika zifungwe kwa kamba kwenye kenchi au zizungushiwe uzio, na mifuko ya mchanga iwekwe miguuni mwake. Kifaa cha kuzimia moto kiwe karibu na mtambo, na ndoo za mchanga karibu na jenereta. Ukumbi wa maonyesho wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1981 na leo kujulikana kama TaSUBa, uliteketea kwa moto mwaka 2002. Hata mahali pa kufundishia sanaa yenyewe hapakunusurika.

Vibali hupitia kwa Afisa Utamaduni wa Wilaya, chini ya utaratibu wa Baraza la Sanaa la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Ofisi ya kata na polisi hupewa taarifa ya siku, saa na idadi ya watu wanaotarajiwa. Muziki uliorekodiwa unaopigwa ndani ya onyesho huguswa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na msanii aeleze mapema anatumia kazi za nani.

SIKU YA ONYESHO

Kwa onyesho la saa 10 jioni, ukumbi ufunguliwe saa 2 asubuhi. Usafi hutangulia, kwa kuwa vumbi likitimuliwa baada ya vifaa kufungwa huingia ndani ya vifaa. Kufikia saa 5 jukwaa liwe limesimama na umeme umepimwa. Taa na spika hufungwa hadi saa 7. Saa 7 hadi saa 9 ukumbi ni wa msanii na fundi wake: hupitia kila badiliko la taa na kila sauti kwa mpangilio ulioandikwa, kisha msanii hupumzika. Saa 9 na nusu milango hufunguliwa kwa watu. Muda wa ziada uachwe kwa ajili ya safari, maana gari linalotoka Tunduma linaweza kukwamishwa na foleni ya malori ya mpakani.

Msanii apewe chumba chenye mlango unaofungwa, maji ya kunywa, kiti, kioo na njia ya kufika jukwaani bila kupita katikati ya watu. Mtu mmoja wa ukumbi, anayejulikana kwa jina kwa msanii na kwa fundi, awepo tangu mlango unapofunguliwa hadi unapofungwa. Yeye ndiye mwenye ufunguo, namba ya fundi umeme, uniti za LUKU za akiba, na mamlaka ya kumwomba mwenye mashine ya kusaga anyamaze kidogo.

Onyesho likiisha, vifaa huzimwa kwa mpangilio, spika kwanza na mikisa mwisho, ili kishindo kisiharibu spika. Nyaya hukunjwa kwa duara bila kuvunjwa, huhesabiwa na kutunzwa ndani ya sanduku lisiloingia panya. Kilichoharibika huandikwa siku hiyohiyo kwenye karatasi ya ukumbi.

YANAYOOMBWA

Kutokana na maelezo haya, Halmashauri ya Wilaya ya Momba, Ofisi ya Kata ya Msangano na wakuu wa shule wanaombwa kutekeleza mambo matano.

Kwanza, bwalo moja la shule litangazwe kuwa ukumbi wa maonyesho wa kata, na karatasi yake ipimwe, iandikwe na kutunzwa kwa Afisa Utamaduni ili msanii yeyote aipate kwa kuomba.

Pili, bwalo hilo likaguliwe na fundi umeme aliyesajiliwa, liwekewe swichi ya kinga, na liwe na njia mbili za soketi zilizotenganishwa, moja ya taa na moja ya sauti.

Tatu, linunuliwe sanduku moja la vifaa vya msingi: nyaya nne za milimita za mraba 2.5, maiki mbili za waya, stendi, kitambaa cheusi cha ukuta, utepe, na kifaa cha kuzimia moto. Spika, taa na projekta zinaweza kukodiwa Tunduma hadi kata itakapokuwa na vifaa vyake.

Nne, wateuliwe watu wawili, mwanamke na mwanamume, wafundishwe kazi hii. Mafunzo ya umeme hutolewa na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na ya jukwaa hutolewa na TaSUBa. Wawili hao wakirudi watawafundisha wanafunzi, na ujuzi utabaki katani.

Tano, kalenda ya kiangazi itangazwe mapema kila mwaka, ikionyesha siku ambazo bwalo liko wazi kwa wasanii wanaozuru, ili wanaopita Tunduma wakielekea Mbeya au Sumbawanga waweze kupanga kufika Msangano.

Gharama ya mambo haya matano kwa pamoja haifiki ya darasa moja jipya, na yote yanaweza kukamilika kati ya msimu mmoja wa mvua na mwingine. Watoto wa Msangano wana haki ya kuona na kusikia vizuri kama watoto wa Dar es Salaam, na haki hiyo inaanzia kwenye waya uliopimwa na mlango uliofunguliwa kwa wakati.

Imeandikwa Msangano, kwa niaba ya wazazi, walimu na wanafunzi wapenzi wa sanaa za maonyesho.

Nakala: Ofisi ya Mkuu wa Wilaya ya Momba, Ofisi ya Mkuu wa Mkoa wa Songwe, Vwawa.